Sahani Ndogo za Kantini

Mtu akikusogezea glasi ya maji karibu na mkono wako bila wewe kuomba, kunywa kama una kiu, lakini mtazame usoni. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia nyie vijana mnaosomea mapishi na lishe hapa Dodoma, mnaokuja kwangu kuniuliza habari za kantini. Mimi Sechelela, Mgogo wa Kongwa, nimepakua chakula tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kusimama, na katika kupakua huko nimejifunza kumshuku kila anayejali sana tumbo la mwenzake. Mnacheka. Chekeni tu, mtazeeka na nyie.

Mnataka niwaeleze zile mbinu za kumfanya mtu ale vizuri bila kumlazimisha. Nitawaeleza. Ila mimi siwezi kuzisema bila kumsema mdogo wangu Elia na mguu wake, maana bila ule mguu nisingezijali kabisa.

Elia alikuwa dereva wa ofisi ileile niliyokuwa napakua mimi, huko kwenye mji wa serikali. Mdogo wangu tumbo moja, mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akienda kupalilia karanga. Mtu wa maneno, mtu wa vicheko, na mtu wa wali. Sahani yake ilikuwa mlima. Juu ya mlima nyama, pembeni soda, na akimaliza soda ya kwanza anatuma ya pili. Ukimwambia punguza, anajibu, "Dada, gari bila mafuta haliendi." Kisha akapata sukari. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikatoa kidonda, kidonda kikakataa kupona. Nilikwenda naye hospitali kwa sababu mkewe alikuwa shambani Kongwa. Daktari hakuzunguka. Alisema, "Mzee, wali huo na soda hizo usipoviacha, huu mguu tutaukata." Elia akacheka. Tulipotoka nje hakucheka tena, akaniuliza polepole, "Dada, dereva wa mguu mmoja anaendesha nini?"

Nilikuwa nalia.

Mnafikiri basi alibadilika? Thubutu! Kesho yake saa saba mchana alisimama mbele yangu na sahani. "Pakua, dada, usinitazame hivyo." Nikipunguza, anasubiri. Nikikataa, foleni nyuma inapiga kelele. Nikampakulia mlima wake, roho inaniuma.

Sasa katika hali hiyo ndipo alipoletwa binti mmoja, afisa lishe, jina lake Neema. Mtoto wa Moshi, mwembamba, mpole, shikamoo haiishi mdomoni. Siku za mwanzo hakufanya kitu. Alikaa kona ya kantini na chai yake, anatazama. Anatazama nani kachukua nini, nani kaangalia wapi kwanza, nani karudisha sahani na mabaki. Machale yakanicheza. Nikamwambia mwenzangu wa jikoni, huyu katumwa. Huyu ni mpelelezi, anatafuta nani anabeba nyama kwenye kitenge. Nikawa nampelekea chai mwenyewe ili nimwone vizuri. Naye kila mara, "Ahsante mama, Mungu akubariki." Nikazidi kumshuku. Mtu wa ofisini anakubariki mara ngapi kwa siku?

Siku alipofungua mdomo ndipo nikaogopa zaidi. Alisema, "Mama, mimi simkatazi mtu chochote. Watu wakikatazwa wananuna. Mimi namgusa mtu begani tu, anageuka mwenyewe." Nikamuuliza, anamgusa begani kwa namna gani? Akasema kwa kupanga vitu. Mboga zikae mwanzo wa meza, watu wazikute sahani bado ina nafasi. Maji yakae juu kwenye friji, usawa wa macho, soda zishuke chini kabisa mtu aziinamie. Chumvi iondoke mezani, anayeitaka ainuke.

Nikamwambia, "Binti, hiyo ni hila."

Akasema, "Mama, na aliyepanga soda juu alikuwa na nini?"

Hapo nikarudi kwenye sufuria zangu. Lakini kunyamaza siyo kukubali.

Niwaambie kwa nini nilikuwa na kisirani. Kazi nilifundishwa na mpishi mmoja mzee, tukimwita Babu Samweli, kwenye shule ya bweni zamani hizo. Yeye ndiye aliyenionyesha upawa. "Mwanangu," aliniambia, "ukichota maharage kutoka juu unampa mtu mchuzi, ukichota kutoka chini unampa chakula. Mikono ni ileile, upawa ni uleule." Akanionyesha namna ya kutandaza wali uonekane mwingi, na namna ya kuushindilia uonekane kidogo. Nikamuuliza kwa nini mtu aushindilie uonekane kidogo. Akasema, kwa ajili ya mtoto anayeona aibu kuchukua kingi mbele za wenzake. Babu yule alikuwa na moyo. Lakini kwenye shule hiyohiyo, baadaye, alikuja msimamizi mwingine akatuletea sahani ndogo ndogo za kupendeza, zenye maua. Tukashangilia! Kumbe stoo ilikuwa inavuja kwa nyuma, na sahani ndogo zilikuwa za kuficha sufuria iliyopungua. Watoto walilala njaa huku sahani zimejaa. Tangu hapo mtu akiniambia sahani ndogo, mimi nanusa kwanza.

Basi tuanze na mlenda, mcheke kidogo.

Neema alipoambiwa kwamba mlenda ni mboga ya huku kwetu na ina faida, akafurahi, akasema uwe wa kwanza kwenye meza. Nikamtahadharisha. "Binti, mlenda si kabichi." Hakunielewa, na mimi nikasema potelea mbali, ngoja aone. Jamani! Ofisi yetu ilikuwa na watu wa kila mkoa, na wengi mlenda waliujua kwa kuusikia tu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bwana mkubwa mmoja wa uhasibu, suti na tai. Akachota. Akainua upawa. Mlenda ukainuka naye. Akavuta, ukavutika. Akarudi nyuma hatua, nao ukamfuata. Watu wakamshauri zungusha, akazungusha, ukamzunguka tai. Nyuma yake Mgogo mwenzangu mmoja anapiga kelele, "Kata kwa ukingo wa bakuli, bwana, kata kwa ukingo!" Bwana mkubwa akaacha vyote mezani, akaenda kunawa. Siku iliyofuata foleni nzima ilianzia upande wa pili wa meza, kwenye wali, ikaishia kwenye mboga. Tukawa tumewasogezea watu wali karibu zaidi kuliko zamani. Neema alicheka mpaka akakaa chini, na mimi siku hiyo kwa mara ya kwanza nikaona huyu mtoto ni mtu. Mpelelezi hacheki namna ile.

Tulichojifunza: kitu kinachotaka ufundi kukichota usikiweke mwanzo. Mlenda ukawa unapakuliwa na mimi, kwenye kibakuli. Mwanzo wa meza tukaweka majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, makavu, hayana fujo. Yakaliwa.

Na nisimnyime haki yake. Matunda alinishinda nayo. Miaka yote tuliweka machungwa mazima kwenye beseni na kila jioni yanabaki, mimi nikisema watu wa ofisini hawapendi matunda. Neema akasema, "Mama, nani atamenya chungwa halafu akashike faili?" Tukayamenya, tukayakata, na papai tukalichomea vijiti vya meno. Yakaisha kabla wali haujaisha. Zabibu za Makutupora zikija msimu wake, nazo tuliziosha na kuzichambua kabisa, maana mtu akikuta kichala cha zabibu kina vumbi anapita. Hii mbinu ichukueni, haina ubaya wowote, nimeitafutia ubaya sikuuona.

Mambo yakaharibika kwenye sahani.

Zilikuja asubuhi kwenye boksi, nyeupe, nzuri, ndogo kuliko za zamani kwa ukingo mzima. Zile kubwa zikafungiwa stoo. Na upawa wa wali ukabadilishwa, ukaja mwembamba. Nikamvuta Neema pembeni. "Binti, kantini hii ina chakula cha kutosha au mnaficha kitu? Niambie sasa hivi."

Akaapa kwamba chakula ni kilekile, ni sahani tu. Mtu akiona sahani imejaa, akili inaridhika. "Lakini mama," akasema, "naomba usiwaambie. Wakijua ni makusudi watadai zile kubwa, tutakuwa hatujafanya kitu."

"Hata mdogo wangu nisimwambie?"

Alikuwa anajua habari za Elia, maana nilishamweleza. Akanishika mkono. "Hasa yeye, mama. Huyo ndiye tunayemtafuta."

Nilikubali. Niliuona ule mguu kila siku, ukivimba ndani ya kiatu. Wewe ungekataa?

Saa saba Elia akaja. Nikamjazia sahani mpaka ukingoni kama alivyozoea. Akaitazama. Akaigeuza upande huu, upande huu. Mtu anayepaki gari kubwa kwenye upenyo mdogo kila siku, unamdanganya kwa ukubwa wa sahani?

"Dada, hii nini?"

"Chakula."

"Cha mtoto?" Akageukia wenzake. "Jamani, siku hizi dada yangu ananipunja mpaka mimi! Wali wetu unakwenda wapi?"

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha ule ulianguka kwenye nyasi kavu. Kabla ya jioni habari ilikuwa imeshazunguka: wapishi wanabeba wali nyumbani kwenye ndoo. Wanawake wa usafi wakawa wanatazama mkoba wangu ninapotoka. Mlinzi wa geti, kijana niliyekuwa nampa ukoko kila siku, akaniambia, "Mama samahani, nimeambiwa nikague." Nikaufungua mkoba wangu, ndani kuna kanga na Biblia. Iliniuma, wanangu. Mwizi simpendi tangu zile sahani za maua, na leo mimi ndiye mwizi.

Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba Elia hakuja tena. Siku ya kwanza nikasema kasafiri. Ya pili, gari lake nikaliona limepaki. Nikavua aproni nikatoka nje ya geti kumtafuta, na nikamkuta kwenye kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara. Chipsi mayai, zimeng'aa mafuta, na soda mbili, moja imekwisha. Mguu wa kushoto una kiatu cha ngozi. Wa kulia una kandambili, kwa sababu kiatu kilikuwa hakiingii tena.

Tulikuwa tumempeleka pabaya kuliko tulikomtoa. Nikakaa kwenye benchi karibu naye.

"Umenisusa," nikamwambia.

"Nimesusa sahani zenu. Sina ugomvi na wewe."

Nikatazama ile kandambili, nikaona siwezi. Neema na akili zake anisamehe. "Elia, sahani zimepunguzwa makusudi. Hakuna anayeiba. Zimepunguzwa watu wale kidogo bila kujua, na wewe hasa. Niliambiwa nisikwambie, nami nikanyamaza kwa ajili ya huo mguu."

Akaacha kutafuna. Nilidhani atanitukana. Akasema taratibu, "Dada, ungenipiga kofi ningekuelewa. Lakini umenipeleka kama ng'ombe anayeswagwa kwenye josho, hajui kama mle ndani kuna dawa au kuna kisu. Mimi ni mtu mzima. Sina haki ya kujua?"

"Unayo. Lakini ukijua unakula vilevile! Nikuambie mara ngapi? Daktari akuambie mara ngapi? Unataka nikusukume kwenye kigari?"

Ndiyo, nilipiga kelele, na muuza chipsi akajifanya anakuna sufuria. Elia akaisogeza sahani ya chipsi pembeni. Kisha, jamani, akaanza kutabasamu kama enzi zile za utoto.

"Unamkumbuka mama?" akasema. "Tukienda kwa watu?"

Nani asiyemkumbuka! Mama yetu alikuwa na sheria moja ya ugenini. Mwenye nyumba akiuliza, "Niwaongezee?" jibu ni moja: "Ahsante, tumeshiba." Hata kama tumbo linanguruma. Ukikubali mara ya kwanza umemwaibisha mama, na nyumbani fimbo inakusubiri. Mwenye nyumba mwenye utu anajua mnajivunga, kwa hiyo anauliza tena, mara hii kwa sauti ya chini, na hapo ndipo unaruhusiwa kusogeza sahani.

"Mpaka leo," Elia akasema, "mimi nikiwa peke yangu na wali siwezi kuukataa. Lakini nikiulizwa mbele za watu, siwezi kuukubali. Basi nipakulie kidogo, kwenye sahani yoyote, halafu uniulize kama uniongeze. Uliza kwa sauti, dada. Ofisi nzima isikie."

"Na nisiulize mara ya pili?"

Akaitazama ile kandambili yake. "Ya pili usiulize."

Kesho yake alikuja. Watu waliacha vijiko, wakitaka kuona ndugu wawili wakigombana. Nikamwekea wali kiasi cha ngumi yake, majani ya kunde tele, kisha nikavuta pumzi nikapaza sauti, "Elia! Nikuongezee?" Uhasibu wote wakageuka. Elia akaitazama ile sufuria, jamani, alivyoitazama! Akameza mate. "Ahsante dada, nimeshiba." Na alikuwa hajaonja hata punje. Watu wakaangua kicheko, yeye akaenda kukaa ameinua kichwa.

Nilikwenda kwa Neema mwenyewe nikamwambia nimetoboa siri. Nilijiandaa kwa vita. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bibi yake Moshi alimfinya paja kwa kosa hilohilo, Neema alipokubali ndizi mara ya kwanza kwa jirani, na miaka yote darasani haikumjia akilini kwamba kule nako ni kuguswa bega. Siku hiyohiyo akaenda stoo, akatoa sahani kubwa, akaziweka kando ya zile ndogo, na akabandika karatasi ukutani: kubwa hizi, ndogo hizi, ndogo ni kwa anayetaka kupunguza, kuongeza ruksa. Mlinzi akaacha kukagua mkoba wangu. Na mtashangaa, zile ndogo zikaanza kuchukuliwa. Siyo na wote. Bwana mkubwa wa uhasibu hakuwahi kuigusa, na shauri yake.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi mtakosea. Swali lile ni kisu, linakata pande zote mbili. Kulikuwa na dada mmoja wa masjala, mnyonge, anatembea kwa miguu kutoka mbali, na kile cha mchana ndicho chakula chake cha siku. Nikimuuliza kwa sauti, "Nikuongezee?" naye anasema ameshiba, kwa haya tu. Nilimgundua kwa namna alivyofuta sahani. Tangu hapo nilirudi kwenye funzo la Babu Samweli wangu, lile la mtoto mwenye aibu: mwenye njaa ya kweli muulize mara ya pili, ukiinama, kwa sauti ya chini. Anayekula kupita kiasi muulize mara moja tu, kwa kelele. Ni lazima umjue yupi ni yupi, na hilo halimo kwenye sahani wala kwenye friji. Ukishindwa kuwajua watu, bora uwaache wajipakulie.

Elia kidonda kilichukua muda. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, nilimnasa na soda garini nikaimwaga mbele ya abiria wake. Lakini kilifunga. Amestaafu, anakaa mtaa wa jirani na kwangu, na Jumapili tukitoka kanisani tunakula kwake.

Mimi nami miezi ya karibuni nilikuwa nachoka ovyo na kunywa maji kama ngamia, hata mezani kwa Elia. Nikaenda kupima kimya kimya. Nesi akanieleza, akanipa dawa, nami dawa nikaziweka kwenye kopo la majani ya chai, maana sitaki kusumbuliwa. Sikumwambia mtu. Wanangu sikuwaambia, mchungaji sikumwambia. Wenye kunijua mnajua nikifunga mdomo nimefunga.

Jumapili iliyopita wifi yangu alipika pilau. Nyumba imejaa, watoto, wajukuu, wageni wawili wa kanisani. Nikaletewa sahani, na kwa macho yangu ya miaka yote nikaona kabla haijagusa meza kwamba ni ndogo kuliko za wenzangu. Nikamtazama wifi, akatazama pembeni. Nikasema labda zimepungua. Nikala. Pilau ya wifi mnaijua nyie? Nikamaliza haraka.

"Dada!" Elia akapaza sauti. Amesimama na sufuria mkononi, upawa juu. "Nikuongezee?"

Wageni wakanigeukia. Nikamsikia mama. "Ahsante," nikasema, "nimeshiba."

Nikasubiri ile ya pili, ya sauti ya chini. Nilimtazama usoni nikiisubiri, naye alinitazama, na hakucheka. Kisha akaibeba ile sufuria akairudisha jikoni, viatu vyake viwili vya ngozi vikilia sakafuni.